Upande wa Chini Tuuache Wazi

Mwanangu mpendwa,

Pesa zako za senyenge zilifika Jumanne. Asante sana, Mungu akuzidishie huko Kisumu. Nakuandikia kabla fundi hajaanza kuchimba mashimo, maana kwenye simu huwa tunaishia kukatizana. Shamba lote sitaki tulizungushie ua wa umeme wa kuzuia wanyamapori, kama unavyotaka.

Najua kinachokuuma. Desemba uliwakuta pundamilia zaidi ya thelathini kwenye malisho yetu upande wa vichaka vya leleshwa, ng'ombe wetu wamesimama kando wakitazama. Ukasema tunalisha mifugo isiyo na mwenyewe. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kumwambia marehemu baba yako.

Babu yako alipopata ekari hizi sabini kupitia kampuni ya kununua ardhi, pofu, wale swala wakubwa, walipita hapa wakipanda kutoka nyanda za Elementaita. Mimi mwenyewe niliwakuta nilipoolewa. Sasa ni miaka sita sijamwona hata mmoja. Majirani waligawa mashamba, kila mmoja akafunga kipande chake, na njia ikafa. Wala si kwetu tu: kwenye nyika za Kenya wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya mwaka 1977 na 2016, na wengi waliobaki wanaishi nje ya mbuga, kwenye ardhi za watu na za jamii.

Tazama pale Ziwa Nakuru. Ua wa mbuga ile umewalinda faru, na ninaushukuru. Lakini maji yalipoanza kupanda miaka ya 2010, ziwa lilimeza nyasi za ukingoni na hata lango kuu la zamani. Binadamu walijenga lango jingine. Nyati na pundamilia walibanwa mlemle ndani.

Kuhusu nyasi, una haki ya kuuliza. Mtafiti Wilfred Odadi na wenzake walipima uzito wa ng'ombe kule Laikipia, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Kiangazi, ng'ombe waliolisha pamoja na wanyamapori waliongeza uzito kidogo kuliko waliolisha peke yao. Hapo ulisema kweli. Mvua iliponyesha, mambo yaligeuka: waliochanganyika ndio walionenepa zaidi, kwa kuwa pundamilia hula mabua makavu na magumu, wakawaachia ng'ombe majani mabichi chini yake. Mimi hili naliona kila Mei, pale nyasi ndefu zinapokatwa na pundamilia na ng'ombe wetu wakafuata nyuma yao bila kuinua kichwa.

Kwa hiyo nataka tufunge ekari ishirini za juu, karibu na kisima. Hizo ziwe akiba ya Januari hadi Machi, asiingie mnyama mwingine. Hamsini za chini zibaki wazi mwaka mzima. Kupe usihofu sana. Ng'ombe akiogeshwa kila wiki, kupe wanaompanda malishoni hufa na dawa, na malisho yenyewe hupungukiwa kupe. Josho nalisimamia mwenyewe, siachii mtu.

Anayeniumiza ni fisi. Yule mtamba uliyemnunua kwa mshahara wako wa kwanza nililia siku alipoliwa, sikufichi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia. Nilijaza fomu, nikapeleka picha, na hadi leo nangoja. Lakini kumbuka alipoliwa: si malishoni, ni bomani, usiku, kwenye kona ambayo miiba ilikuwa imeoza na mimi nikisema nitaiziba kesho. Ua wa umeme kule chini usingeziba kona ile. Ndiyo maana nimechukua elfu thelathini katika pesa zako nikanunua wavu wa chuma, nguzo za mwerezi na mlango wa mabati. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Naomba uniwie radhi, ila siku ile duka lilikuwa limebaki na mabunda mawili tu ya wavu.

Zilizobaki zinatosha ekari ishirini. Nimehesabu na fundi mara mbili.

Jana jioni, nikitoka kukamua, niliwaona pundamilia wakishuka kwenda chini, na katikati yao mtoto ambaye miguu bado haijamtii. Ng'ombe wetu hawakushtuka hata kidogo. Nilisimama na ndoo mkononi mpaka giza likaingia.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Fundi anataka kujua aanze kuchimba upande gani.

Mama yako