Wauzaji wa kompyuta za mtumba waturuhusu kuzijaribu kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linalowagharimu vijana wengi wanaopenda kucheza gemu lakini hawana uwezo wa kununua kompyuta mpya. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kumi na mmoja sasa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kufufua mashine zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo kabla ya kufika katika maduka yetu. Ombi langu kwa wauzaji ni moja: mnunuzi aruhusiwe kufungua kasha, lile ambalo wengi wetu huliita CPU, na kuiendesha mashine kwa mzigo wa gemu kwa muda wa nusu saa kabla hajatoa fedha yake.

Desturi iliyopo ni kuwasha mashine, kusubiri Windows ifunguke, kisha kuhesabu fedha. Jaribio hilo halithibitishi chochote kwa mtu anayenunua kompyuta ya gemu, kwa sababu mashine iliyotulia hutumia sehemu ndogo tu ya umeme itakaouhitaji mchezo utakapoanza, na ubovu mwingi wa vifaa vilivyotumika hujificha mpaka joto lipande na umeme uvutwe kwa wingi.

Mwezi uliopita alinijia kijana aliyekuwa amekusanya fedha kwa miezi saba, akibeba mizigo sokoni, ili anunue kompyuta ya ofisi aina ya Dell OptiPlex 9020 iliyotiwa kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za gemu, ya Radeon RX 580. Dukani iliwaka vizuri. Nyumbani ilizima ghafla kila mchezo wa mpira ulipoanza, bila skrini ya bluu na bila ujumbe wowote. Fundi wa kwanza alimwambia kadi imekufa, anunue nyingine. "Shikamoo fundi," aliniambia, "naomba uitazame kwa mara ya mwisho, la sivyo naiuza kama chuma chakavu." Nilipofungua kasha nilikuta kadi hiyo ikilishwa umeme kwa adapta iliyochomekwa kwenye kiunganishi cha SATA, kile cha umeme wa diski, na plastiki ya kiunganishi hicho ilikuwa imeshabadilika rangi kuwa kahawia kwa joto. Niliihamishia kadi kwenye mashine yangu ya majaribio, nikaibebesha mzigo kwa saa nzima, nayo ikafanya kazi bila kutetereka. Kadi ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Hesabu yake si ngumu, na natamani kila mnunuzi aifahamu. RX 580 huhitaji takriban wati 185. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kama i5-4590, inayopatikana sana katika mashine hizo, imepangiwa wati 84. Jumla ni 269, ilhali pawa saplai, yaani kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, ya OptiPlex 9020 ya umbo la mnara ni ya wati 290, na hapo hatujahesabu ubao mama unaounganisha vifaa vyote, diski wala feni. Isitoshe, kiunganishi cha pini nane cha kadi ya grafiki kimeundwa kupitisha wati 150, ilhali kile cha SATA, kilichokusudiwa kulisha diski, hupitisha wati 54 tu kwenye njia ya volti 12. Anayeunganisha viwili hivyo kwa adapta ya bei rahisi anaiomba waya nyembamba ibebe karibu mara tatu ya uwezo wake. Mashine kuzima ilikuwa bahati ya kijana yule, kwa maana ingeweza kushika moto.

Wala kubadilisha pawa saplai katika mashine hizo si jambo la kuchomoa na kuchomeka. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 hupokea plagi ya kawaida ya pini 24, lakini 3020, 7020 na 9020 zilizofuata zina plagi ya pini nane kwenye ubao mama, hivyo hulazimu kutafuta adapta maalumu. Mnunuzi akiruhusiwa kufungua kasha ataliona hilo kwa macho yake, na ataamua kama anataka mashine ile au kama ni heri achukue kadi isiyohitaji waya wa ziada. Kwa maoni yangu, mtu mwenye bajeti ndogo hafanyi kosa kuchagua GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 au GTX 1650 ya mwaka 2019, kwa sababu nyingi kati ya hizo hutosheka na wati 75 zinazotoka kwenye sloti yenyewe, yaani nafasi ya ubao mama inamochomekwa kadi.

Hapo ndipo panapotokea udanganyifu unaoniumiza zaidi. Zipo kadi zinazouzwa kwa jina la GTX 1050 Ti ambazo ndani yake mna chipu ya GTS 450 au GTX 550 Ti, yaani teknolojia ya mwaka 2010 na 2011, iliyoandikwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina lisilo lake. Windows itaonyesha jina hilo la uongo, na muuzaji asiyejua ataapa kwa dhati kuwa kadi ni halisi. Dalili moja huonekana kwa jicho: chipu za kizazi cha GTX 1050 Ti hazitoi tena ishara ya analogi, hivyo ukikuta tundu la VGA la rangi ya buluu mgongoni mwa kadi, simama kwanza uulize. Dalili ya pili huonekana kwa programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo husoma chipu yenyewe na kuandika wazi kwamba kadi ni ghushi. Uchunguzi huo huchukua dakika mbili na unahitaji flashi tu.

Kuhusu kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali, mimi sikubaliani na wanaosema zote ni takataka. Ni kweli kwamba baada ya Ethereum, moja ya sarafu hizo, kubadili mfumo wake tarehe 15 Septemba 2022 na kuacha kuchimbwa kwa kadi, kadi nyingi za aina ya RX 580 zilikosa kazi zikamwagika sokoni. Kadi ya namna hiyo huwa imechoka feni, na pesti ya kupoozea joto huwa imekauka kama chaki, lakini vyote viwili hubadilishwa kwa gharama ndogo. Tatizo gumu zaidi kulitambua ni programu ya ndani iliyorekebishwa kwa ajili ya uchimbaji: kadi huonyesha picha vizuri, kisha gemu hufunga baada ya dakika chache, na mtu huanza kulaumu RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), Windows, hata gemu yenyewe. Baadhi ya kadi hizo zina swichi ndogo ubavuni inayorudisha programu ya pili iliyohifadhiwa. Nimewahi kumaliza ugomvi wa wiki mbili kati ya mnunuzi na muuzaji kwa kusogeza swichi hiyo kwa ncha ya kalamu.

Hali yetu ya pwani nayo ina sehemu yake. Hewa ya chumvi huacha ukungu kwenye meno ya dhahabu ya RAM na ya kadi, na mashine hukataa kuwaka au hutoa milio tu. Kabla ya kuhukumu kuwa ubao mama umekufa, tuyasugue meno hayo polepole kwa kifutio safi cha penseli, tuyafute kwa spiriti ya aina ya isopropili, tuijaribu RAM moja moja, na tubadilishe betri ya CR2032 ikiwa saa ya mashine hurudi nyuma kila inapochomolewa. Naandika haya kwa masikitiko, maana nimepokea mbao mama nzima kabisa zilizokwisha kutangazwa kuwa maiti.

Jambo moja la hatari lisisahaulike. Mashine zinazotoka nchi za umeme wa volti 110 au 120 wakati mwingine huwa na swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai iliyowekwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo hivyo kwenye umeme wetu wa volti 230, kapasita za ndani hupasuka kwa kishindo. Na mtu asiye fundi asiifungue pawa saplai, hata ikiwa imechomolewa, kwa kuwa kapasita hizo hubaki na umeme unaoweza kudhuru.

Wauzaji wananijibu kwamba wateja ni wengi, kwamba umeme wa majaribio ni gharama, na kwamba wapo wanunuzi wanaounguza kifaa nyumbani kisha wanakirudisha wakidai kiliuzwa kibovu. Hoja hiyo ya mwisho ina haki, nami sitetei wanaofanya hivyo. Lakini jaribio la dukani linamlinda muuzaji pia: kifaa kikishaendeshwa nusu saa mbele ya wote wawili, joto lake likasomwa, afya ya diski ikatazamwa kwa programu ya CrystalDiskInfo, na risiti ikaandikwa aina ya kadi, wati za pawa saplai na namba za vifaa, hakuna atakayerudi kesho na kadi nyingine akidai ndiyo aliyouziwa. Kuhusu kadi ghushi, Tume ya Ushindani tayari inayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inayogusa bidhaa bandia, nami naiomba ipanue macho yake kutoka kwenye wino, nguo na vipodozi hadi kwenye vifaa vya kompyuta.

Suala hili haliwezi kusubiri. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kwa hiyo ofisi za ng'ambo zina sababu ya kuondoa kwa wingi mashine zisizo na ubovu. Nyingi kati ya hizo zitatufikia, na zikitengenezwa vizuri zitawafaa vijana wetu kwa gemu na kwa masomo kwa miaka kadhaa.

Kinachohitajika dukani ni meza moja, monita, soketi iliyo salama na bisibisi. Mimi niko tayari kumwonyesha muuzaji yeyote wa jirani namna ya kuipanga meza hiyo na programu za kuweka kwenye flashi, bila malipo, siku yoyote ya Jumapili baada ya saa nane mchana.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa kompyuta,
Ilala, Dar es Salaam