Shikeni daftari kabla ya kamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wa Kigoma tunaolea watoto wenye ulemavu wa akili. Mtu akikushauri namna ya kuizima tabia ya mwanao, muulize kwanza kama anajua inasababishwa na nini.

Wangu ana miaka 17 na hasemi. Mwaka jana alianza kujipiga mashavu na kujing'ata mkono. Ushauri ukamiminika: huyu kamba, yule fimbo, mwingine vidonge vya kumlaza. Nilimfunga siku mbili. Alama ya ile kamba bado naiona mkononi mwake, na inaniuma.

Mwalimu mmoja wa elimu maalumu ndiye aliyetuambia tuchukue daftari. Kila akijipiga, tuandike kilichotangulia, alichofanya, na sisi tulifanya nini baadaye. Wiki mbili zilitosha. Asubuhi alijipiga akishakunywa chai, upande uleule wa shavu. Tukampeleka kwa daktari wa meno: gego limeoza. Lilipong'olewa, asubuhi zikatulia. Jioni ilikuwa kwenye mashine ya kusaga, penye kelele. Akijipiga, tunamrudisha nyumbani haraka. Kumbe sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kwamba ukitaka kuondoka, jipige! Tukamzoesha kunishika bega badala yake, na akinishika tunaondoka palepale, hata kama unga haujasagwa. Ilichukua miezi, na zipo siku anarudia.

Kwa hiyo anzeni na mwili: meno, masikio, choo kigumu, kifafa. Kisha chagueni njia ya upole kuliko zote inayoweza kufaa, tena inayomfundisha kitu cha kufanya badala ya kile anachokatazwa. Anayepepea mikono akifurahi hamdhuru mtu, mwacheni. Dawa sizipingi, na za kifafa zisikatizwe kiholela, lakini ya kumtuliza tu itolewe kwa sababu inayoelezeka na tarehe ya kuiangalia upya.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata sheria yetu. Mkataba huo unakataza kumtendea mtu mwenye ulemavu kikatili au kwa kumdhalilisha. Naomba Manispaa yetu ya Kigoma Ujiji iwakutanishe walimu wa vitengo vya elimu maalumu, wahudumu wa afya na sisi wazazi, tufundishwe kutumia hilo daftari.

Mama mlezi,
Ujiji, Kigoma