Uvimbe usiishie wote kwenye fomalini

Ndugu Mhariri,

Dada yangu alipofanyiwa upasuaji wa saratani, uvimbe wake ulitiwa kwenye kopo la fomalini kabla hajazinduka. Fomalini hutunza umbo la tishu ili isomwe kwa hadubini, lakini huua kila seli. Kisha akapewa dawa mizunguko mitatu. Nywele zikapukutika, kucha zikawa nyeusi, na kipimo kikaonyesha saratani iliyobaki imekua. Dawa ikabadilishwa. Tangu hapo najiuliza kwa nini dawa ile ilijaribiwa mwilini mwake, ilhali uvimbe wenyewe ulikuwa mkononi mwa daktari.

Maabara za utafiti hukata tishu mbichi vipande vya unene wa takribani robo milimita. Kikizidi sana hapo, oksijeni haifiki katikati na seli za ndani hufa. Kila kipande huwekwa ndani ya kifaa chenye vifereji vyembamba vinavyopitisha virutubisho, kikaishi siku kadhaa. Kimoja hupewa dawa hii, kingine ile, kingine hakipewi kitu. Seli za HeLa, seli za saratani zitumikazo sana maabara, alizotolewa mgonjwa Mmarekani Henrietta Lacks mwaka 1951, hukuzwa peke yake kwenye chupa. Lakini kipande hiki cha uvimbe kimekuja na majirani zake: seli za kinga, nyuzi, mishipa ya damu. Na majirani hao wanaweza kuikinga saratani na dawa.

Kifaa si mwili, nalijua hilo. Hakina ini la kuchakata dawa, na kipande kimoja hakiusemei uvimbe mzima. Mwaka 2011 ASCO, chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani, kilishauri vipimo vya kupima dawa kwenye seli za mgonjwa visitumike kumchagulia tiba nje ya utafiti, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Nauheshimu ushauri huo. Kumuuzia mgonjwa matumaini yasiyothibitishwa ni kumwibia. Lakini ushahidi utatoka wapi ikiwa tishu yote imekwisha kufa koponi?

Naomba mgonjwa aulizwe mapema, si asubuhi ya upasuaji akiwa amekwisha kuvalishwa gauni, kama anaridhia kinachobaki baada ya patholojia, idara inayochunguza tishu kwa hadubini, kuchukua chake kipelekwe maabara kikiwa kibichi, kwenye ubaridi, ndani ya saa chache. Aambiwe kitafanyiwa nini, na kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Henrietta Lacks hakuulizwa.

Dada yangu nilipomweleza haya alinijibu, "Mbona ningewapa." Hakuna aliyemwomba.

Msomaji wako