Herufi O isiyo na alama kwenye kadi ya kliniki

Mhariri,

Mwezi uliopita binti wa dada yangu alinijia na kadi yake ya kliniki, na kwenye nafasi ya kundi la damu nikakuta herufi O imeandikwa peke yake, bila chanya wala hasi. Alipopimwa upya akaonekana ni O hasi. Na kwa kuwa mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika bila yeye kuchomwa sindano ya anti-D, ambayo huzuia mwili wa mama mwenye damu hasi kutengeneza kingamwili dhidi ya damu chanya ya mtoto, mwili wake ulikwisha kutengeneza kingamwili zinazoweza kushambulia damu ya mtoto aliye tumboni. Kingamwili zikishatokea, anti-D haisaidii tena.

Alipoambiwa kwamba huenda mtoto akahitaji kutolewa damu kwa sindano kwenye kitovu, yaani ile kamba inayomuunganisha na kondo la nyuma, ili ipimwe kama amepungukiwa damu, majirani wakamtisha kuwa sindano hiyo huua. Si uongo mtupu, lakini si habari kamili.

Kipimo hicho hufanywa kuanzia wiki ya 18 hivi, kwa kuwa kabla ya hapo mishipa ya kitovu ni myembamba mno. Daktari, macho yake yakiwa kwenye ultrasaundi, hupitisha sindano nyembamba tumboni mwa mama hadi kwenye vena ya kitovu, aghalabu pale kitovu kinaposhikana na kondo la nyuma, maana hapo hakichezichezi. Pasipofikika, hulenga vena iliyo ndani ya ini la mtoto. Madaktari wa Paris walioeleza njia hii mwaka 1983 walituondolea ulazima wa kuingiza kamera ndani ya mfuko wa uzazi.

Hatari zipo: damu kuvuja palipochomwa, mapigo ya moyo wa mtoto kushuka, maambukizi, au uchungu kuanza mapema. Hata kwa mikono iliyozoea, mimba 1 au 2 kati ya 100 huweza kupotea, na zaidi ya hapo ikiwa mtoto alikwisha kudhoofika. Ndiyo maana kwanza hupimwa kwa ultrasaundi kasi ya damu katika mshipa wa ubongo wa mtoto, bila kuchoma chochote. Ikivuka mara 1.5 ya kasi ya kawaida kwa umri wa mimba, ishara kwamba huenda amepungukiwa damu, ndipo sindano hufikiriwa, na damu ya kumwongezea mtoto huwa imeandaliwa kabisa.

Binti yetu anapimwa hivyo kila baada ya wiki moja au mbili, na hadi naandika barua hii sindano haijahitajika. Ninachowaomba wauguzi wenzangu wa Moshi na vijiji vyake ni kutoacha herufi bila alama kwenye kadi, na mama mwenye damu hasi akiharibikiwa na mimba, suala la anti-D lishughulikiwe ndani ya saa 72, kabla hajarudi nyumbani akidhani yamekwisha.

Mkunga mstaafu,
Pasua, Moshi