Malalamiko kuhusu safari ya Chalbi na Loiyangalani mliyotuuzia

Kwa Mkurugenzi,
Kitengo cha Safari za Ndani

Bwana/Bi,

YAH: RATIBA ISIYOTEKELEZEKA NA KUREJESHEWA AMANA YA SH180,000

Naandika kwa niaba ya kikundi chetu cha walimu wastaafu. Mwezi uliopita tuliwatumia Sh180,000 kwa M-Pesa, nusu ya gharama ya safari mliyoitangaza kama ya "jangwa na tamaduni" katika Kaunti ya Marsabit. Ratiba kamili mlituletea baada ya kupokea pesa, ingawa tuliiomba kabla. Tumeisoma mstari kwa mstari, kama tulivyozoea kusahihisha insha, na tunataka mambo mawili: muipange upya safari hii na mtu anayeijua nchi ile, au mturudishie pesa zetu zote. Mhudumu wenu niliyezungumza naye kwa simu aliniambia tunayolalamikia ni "vitu vidogo vidogo". Nitavieleza ili mjionee udogo wake.

Nianze na barabara, kwa kuwa hapo ndipo mtu anaweza kupoteza maisha. Mmeandika kwamba tutaondoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, tule chakula cha mchana Marsabit, tuvuke jangwa la Chalbi tukitazama jua likizama, kisha tulale Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Siku moja! Nairobi hadi Marsabit ni takriban kilomita 550. Ni kweli lami imefika huko na kuendelea hadi Moyale, lakini mwendo huo peke yake unaimaliza siku ya watu wa umri wetu. Ukiiacha lami hapo Marsabit, bado una Maikona, Kalacha, North Horr na Gus mbele yako kabla hujaliona ziwa. Nilimuuliza mhudumu wenu mnakusudia tupite njia gani, ya North Horr au ya Laisamis na South Horr. Akaniomba nisubiri kwenye simu. Aliporudi alisema dereva ataamua siku hiyo.

Na gari lenyewe ni "van ya kisasa yenye kiyoyozi". Mwenzetu mmoja alifundisha North Horr kwa miaka mingi, akacheka mpaka akatoa miwani alipoisoma sentensi hiyo. Anatueleza kwamba Chalbi wakati wa kiangazi ni uwanja mweupe wa chumvi, bapa, usio na kichaka, na dereva mgeni hushawishika kukanyaga mafuta. Lakini pale palikuwa ziwa zama za kale, na gamba la juu ni jembamba. Mvua ikinyesha, hata ikiwa ni mbali huko milimani, maji hushuka na kutulia bondeni. Gurudumu likilivunja gamba, chini kuna tope la kijivu linalonata, gari linakaa kwa tumbo, na hakuna jiwe wala tawi la kuweka chini ya tairi. Wanaoijua njia huenda kwa magari mawili, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, wakiwa na mwenyeji ndani. Nyinyi mnatupeleka kwa van moja, bila mwenyeji, tena katikati ya mvua za masika.

Mbona masika? Kwa sababu, mnasema, safari "inaambatana na tamasha". Tamasha la Kitamaduni la Marsabit na Ziwa Turkana tunalifahamu. Lilianza mwaka 2008 pale Loiyangalani, na hukusanya jamii 14 za kaunti ile. Ndilo lililotufanya tulipe. Ila tarehe hutangazwa na serikali ya kaunti, na tamasha halifanyiki wiki ileile kila mwaka. Nyinyi mmechapisha tarehe kabla ya tangazo lolote kutolewa. Tulipouliza mmeipata wapi, tukajibiwa "kwa kawaida huwa wakati huo". Basi mngeandika hivyo kwenye tangazo, kwamba mnakisia, kila mtu aamue kama anataka kununua kisio.

Mengine ya usalama nayapitia haraka. Lita moja ya maji kwa mtu kwa siku, mahali ambapo joto la mchana hupita nyuzi 35 bila shida, ni hesabu ya mtu aliyekaa ofisini chini ya feni. "Kuogelea kwa uhuru ziwani" kunahitaji kwanza mamba wakubaliane na ratiba yenu. Na mahema mepesi ya kulalia ufukweni! Kusini mwa Loiyangalani, pale Sarima, imesimamishwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Haikuwekwa pale kwa ajili ya mandhari. Upepo ule unaoteremka kutoka upande wa Mlima Kulal usiku hung'oa vigingi, na wenyeji hujenga vibanda vyao vifupi vya mviringo kwa sababu hiyo.

Sasa nije kwenye lililotuudhi kuliko yote, ambalo mhudumu wenu hakulielewa hata kidogo. Mlituuzia tamaduni. Kipeperushi chenu kina picha ya vilima vya mchanga mwekundu na msafara wa watu waliopanda ngamia, na chini yake mmeandika "Chalbi". Chalbi ni tambarare. Picha hiyo ni ya nchi nyingine, na hata bara lenyewe nina shaka nalo. Siku ya pili mmetuahidi "machweo juu ya ngamia pamoja na Wagabbra". Wagabbra na Warendille humfuga ngamia kwa maziwa na kwa kubeba mizigo. Nyumba nzima, miti yake na mikeka yake, hufungwa mgongoni mwake familia inapohama. Kumpanda kwa matembezi si desturi yao. Mngemuuliza Mgabbra mmoja tu, mngeambiwa. Sisi tungefurahi zaidi kuona wanawake wakiifungua nyumba na kuipakia kuliko kuning'inizwa juu ya mnyama tupigwe picha.

Kuhusu Waelmolo, nanukuu ratiba yenu: "Tembelea kabila dogo kabisa, piga picha bila kikomo, wamezoea." Nimeisoma sentensi hiyo mbele ya wenzangu na hakuna aliyesema neno kwa muda. Hao ni watu wa Layeni na Komote, wavuvi, wenye wazee wao na utaratibu wao wa kupokea wageni. Mgeni huanza kwa mzee, hueleza alichokuja kufanya, hulipa kinachokubaliwa, na kamera hubaki mfukoni mpaka mtu aseme ndiyo. Katika bei yenu hakuna hata shilingi ya kijiji. Mmeandika "mtapatana wenyewe mkifika". Yaani faida ni yenu na aibu ya kubishana bei na mama wa watu mlangoni kwake ni yetu. Tena mmetuahidi "simulizi katika lugha yao ya asili". Lugha hiyo ya Kikushi haisemwi tena. Siku hizi wengi wao huzungumza Kisamburu, na wapo wanaojitahidi kuyaokoa maneno ya wazee yaliyobaki. Mngeyasema hayo, tungeenda kwa heshima kubwa zaidi. Badala yake mmemwahidi mgeni kitu ambacho mzee wa watu atalazimika kuigiza.

Palipo na jambo la kweli la kujifunza, mmepapita. Loiyangalani kuna Makumbusho ya Jangwa, yaliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, juu ya kilima kinachotazama ziwa, yanayoeleza maisha ya jamii za eneo lile. Hayamo katika ratiba yenu. Lakini ipo "asubuhi moja Koobi Fora, mahali alipopatikana Mvulana wa Turkana, na kurudi Loiyangalani kwa chakula cha mchana". Mvulana wa Turkana, yaani mifupa ya kijana wa zama za kale, aligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Koobi Fora iko mashariki, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, na ina sifa zake yenyewe: ndipo Bernard Ngeneo alipoliona, mwaka 1972, fuvu maarufu la kale lenye namba 1470. Haihitaji kuazima mifupa ya ng'ambo. Na kutoka Loiyangalani mpaka huko, kwa njia ile, hakuna anayekwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nimefundisha historia. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeniandikia hivi, ningempa alama ya mkwaju wa kalamu nyekundu na kumrudishia daftari.

Tulipowaandikia haya kwa ufupi kwenye WhatsApp, jibu lilikuwa mstari mmoja: "Amana hairudishwi." Sharti hilo halimo katika tangazo, halimo katika ujumbe wa kuthibitisha malipo, na halimo katika risiti. Lilitokea kwa mara ya kwanza katika ratiba iliyokuja baada ya pesa kuingia. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inahesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma kuwa biashara isiyo ya haki. Picha ya jangwa la wengine, tarehe isiyotangazwa na mwendo wa siku moja usiowezekana, sijui mtayaita nini mbele ya anayesikiliza kesi.

Bado tunataka kwenda. Nasema hivyo ili msidhani tumegeuza nia na tunatafuta kisingizio. Kama mko tayari, tulaze Marsabit usiku wa kwanza na Kalacha au North Horr wa pili. Tupeni magari mawili yanayofaa na kiongozi mzaliwa wa eneo lile, mtutajie jina lake, na malipo yake yawe ndani ya bei. Ada za vijiji ziingizwe katika bei na zilipwe kwa wazee kwa risiti. Koobi Fora ipewe usiku wake au iondolewe, makumbusho yaingie, na tarehe isogezwe mpaka kaunti itangaze tamasha. Bei ikipanda kwa sababu hizo, tuambieni imepanda kwa kiasi gani na tutajadiliana.

Kama hamuwezi, rudisheni Sh180,000 kwenye namba ileile iliyolipa, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Siku hizo zikipita kimya, tutapeleka nakala ya barua hii, kipeperushi, ratiba na mazungumzo yote ya WhatsApp kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ambayo ndiyo hutoa leseni kwa kampuni kama yenu, na tutafungua shauri katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kati yetu wamo wenye muda mwingi sana, na mmoja amekwisha kuchukua fomu.

Nimeambatisha nakala ya risiti, kipeperushi na ratiba yenu ikiwa na masahihisho yetu pembeni. Majibu yaje kwa maandishi. Kwa simu tumeshazungumza vya kutosha.

Wako,

Katibu wa kikundi
(kwa niaba ya wanachama wote waliolipa)