Barua kwa Mama, Wete: mie bado nesi

Assalaam alaykum Mama,

Nakubusu mikono wewe na Bibi, na huyo mdogo wangu anaekusomea kwenye simu mwambie asiruke maneno kama alivyofanya barua ile nyengine. Sie huku Columbus, Marekani, wazima alhamdulillahi, baridi tu, theluji asubuhi unaichimba mlangoni kama unachimba muhogo, tushazoea.

Mama juzi uliponiuliza kama mie bado nesi nilicheka lakini usiku usingizi haukuja. Ati shangazi kasema "huyo siku hizi si nesi tena, hashiki mgonjwa, kazi yake kompyuta." Na Ami nae toka asikie nna PhD, shahada ya juu ya chuo kikuu, ananiita dokta anataka nimwandikie dawa ya presha. Ami mwambieni PhD yangu haiandiki dawa, aende spitali akapimwe. Shangazi mwambieni mie bado nesi, na huku kwenye utafiti nimeingizwa na wagonjwa wenyewe.

Kwanza yule mama wa kisiwa cha Kojani, nilikuhadithia zamani, nilipokuwa najifunza kazi. Kafika na uchungu wa kuzaa wa siku mbili, akaulizwa kwa ukali mbona umechelewa, akajibu maji ya bahari yalikuwa yametoka, mashua haielei. Kwenye faili ikaandikwa kachelewa kuja. Ya bahari hakuna alieyaandika, na mie mwenyewe nlikuwa nimeshika kalamu.

Wa pili huku huku, zamu ya usiku, mzee mweusi kama sie, mapafu yanamsumbua. Kile kidude cha kubana kidole kinasema oksijeni 94 na mie namtizama mbavu zinaingia ndani, neno moja anapumzika. Namwita mkubwa wa zamu ananionesha namba, kwake yeye namba ndo mgonjwa. Tumebishana wallahi mpaka ikachukuliwa damu ya ateri, pale kwenye kifundo cha mkono, majibu 85, chini mno.

Kidude kile kinapitisha mianga miwili kwenye kidole, mmoja mwekundu na mwengine macho hayauoni, kinapiga hesabu kwa vile damu inavyoimeza. Sasa ngozi nyeusi nayo inameza, na vilipokuwa vinapimwa vilipimiwa zaidi watu weupe. Desemba 2020 madaktari wa Michigan walitoa hesabu zao, pale kidude kinaposoma 92 mpaka 96, yani huna wasiwasi, kwa wagonjwa weusi karibu vipimo 12 katika kila 100 damu yenyewe ilikuwa chini ya 88, kwa weupe kama 4. Karibu mara tatu Mama. Tena jambo lenyewe lilishaandikwa 1990, miaka 30 watu wanabanwa vidole tu. Hapo ndo hasira yangu ilipo, kujua kulijulikana.

Basi kazi yangu ndo hiyo, naongoza watu tunatafuta nani anaachwa nyuma na kaachiwa wapi. Kuomba pesa za utafiti kunachosha, kukataliwa nishazoea, hayo tuyaache. Raha yake ni kuingia majumbani. Huku Wasomali wengi, na Wabarawa wapo, watu wa Barawa pwani ya Somalia, Kiswahili chao Chimini, ukikaza sikio unakipata nusu. Ile fomu ya ridhaa, ya mtu kukubali kuingia kwenye utafiti, kuna watu walilipwa kuitafsiri, ikaja imeandikwa "mshiriki atatolewa damu". Nimekaa na bibi mmoja wa Kibarawa, kanikaribisha chai, namsomea, akaweka kikombe chini akauliza, yote? Nikaenda jikoni kwake nikachukua kijiko cha chai nikamuonesha, viwili hivi bibi, basi. Akacheka mpaka akajifuta macho na leso, akasema sasa mbona hamukuandika hivo. Nikarudi ofisini tukaandika vijiko viwili vya chai. Kamati ya maadili wakauliza ndo lugha ya kitaalamu hiyo, nikawambia ndo lugha ya mwenye damu yake. Sasa shangazi aniambie, pale mie nlikuwa nafanya kazi ya kompyuta?

Haya, jambo moja la maana kabla sijasahau. Harusi inakuja na nawajua, Bibi atapakwa piko, rangi nyeusi ile, mpaka ncha za vidole, na pumu yake ile. Piko nalo linakidanganya kidude, hina nyekundu haina taabu sana. Akibanwa kifua mkampeleka, mwambieni nesi atumie kile cha kubana ndewe ya sikio, si hiki cha kidole. Au aache kidole kimoja kitupu, mie nshamuomba kwenye simu akanambia kwani yeye kafiwa.

Pesa nimetuma, mdogo wangu aangalie simu yake. Ya dawa za Bibi itoeni kwanza ndo mununue kanga.

Nikumbukeni kwa dua.

Mwanao, nesi