Gitaa la ndugu yangu limeitwa "mengineyo"

Anti, shikamoo. Naandika saa kumi kasoro usiku, tangu juzi sijafumba macho.

Ule wimbo ni wangu. Naanza na hilo maana watu wanaongea. Mashairi nilitunga mimi, hela ya studio mwaka 2011 nilitoa mimi, baada ya kuuza baiskeli. Tulirekodi hapa hapa Morogoro, chumba kimebandikwa trei za mayai ukutani, wote kwa mkupuo mmoja. Baadaye diski ya prodyuza ilikufa na kila kitu ndani, nikabaki na MP3 moja kwenye flashi. Sasa kuna hizi programu, unaipa wimbo mzima inakutengea sauti, ngoma na besi, na chochote kinachobaki inakiweka fungu la nne. Nilitaka kuusafisha tu.

Hilo fungu la nne limeandikwa kwa Kiingereza "other", yaani "mengineyo". Gitaa la ndugu yangu limeangukia humo. Sikuliandika mimi, Anti. Programu inamwandikia kila mtu hivyo.

Alikuja jioni kusikiliza, nikamkalisha kwenye kiti changu. Akawa anaangalia ile mistari ya rangi kwenye skrini. Akauliza, "Mimi niko wapi hapo?" Nikamwonyesha kwa kidole. Nilikuwa nimeshalizima, maana lilitoka kama mtu anayepiga chini ya maji, matoazi yanapenya juu yake, nikaweka la kinanda. Akasema, "Kumbe mimi ni mengineyo." Chai hakuimaliza.

Sasa kosa langu liko wapi? Wimbo ulikuwa unakimbia. Unaanza mapigo 96 kwa dakika, unaishia 101, kwa sababu yeye akinogewa anakimbiza. Nimeunyoosha, 96 mwanzo mwisho. Vijana wanasema umekaa vizuri. Hata mimi naupenda. Ila nikifika pale kati alipokuwa akiijibu sauti yangu, naita na hakuna anayeitika.

Wengine wanasema nimwite arekodi upya. Hawajui. Tangu ajali ya pikipiki, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki. Gitaa lake lililobaki duniani ni hizo dakika nne.

Kumwomba radhi siwezi, sijamkosea. Mengineyo! Mtu niliyekula naye sahani moja tangu darasa la tatu, anadhani mimi ndiye niliyemwita hivyo. Nimempigia mara tatu hapokei. Shemeji anasema yuko shamba, na mimi namsikia akikohoa nyuma yake.

Jana usiku nimepata programu nyingine, hii inatenga gitaa peke yake na fungu limeandikwa gitaa. Bado lina maji maji, lakini ni yeye, hata ule uzi wa kwanza uliokuwa umelegea unausikia. Tatizo nikiliweka halikai. Yeye anakimbia, ngoma imesimama. Ama nivinyooshe vidole vyake kwa kompyuta, ama nibomoe kazi ya miezi mitatu, na nimeshawaahidi watu Ijumaa.

Niutoe tu hivi ulivyo, Anti? Au nimpelekee kwanza nyumbani asikilize gitaa lake peke yake, bila sauti yangu? Naogopa nitamtonesha. Na akifungua mlango, nianze na neno gani, wakati mimi sina kosa?

Mimi, msomaji wako, Morogoro